Vibanda vya Video na Gemu Vitongojini mwa Dar es Salaam

Juma lililopita tulizungumza juu ya majumba ya sinema ya Dar es Salaam. Leo tutatoka mjini twende vitongojini: Temeke, Tandika, Mbagala, na upande wa pili Mwananyamala, Tandale na Manzese, ambayo siku hizo ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Habari yetu ni ya vibanda vya video na vya gemu. Huenda baadhi yenu mtacheka mkisikia kwamba jambo hili nalo limeingia katika historia. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1995 sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, naye akikutana na wenzake wa rika lake hakawii kuwauliza kama wanakikumbuka kibanda cha mtaa wao.

Kwanza tujue kwa nini vibanda vilitokea. Wakati wa ukoloni mji wetu uligawanywa: Wazungu na mahali pao, Wahindi na mahali pao, na Waafrika na mahali pao. Majumba ya sinema, kama vile Empire, Avalon na Odeon, yalijengwa katikati ya mji penye maduka. Mwaka 1966 ilifunguliwa sinema ya wenye magari, Drive-In, nayo ilikuwa upande wa Msasani. Kwa hiyo kijana wa Temeke aliyetaka kutazama sinema alipaswa kulipa nauli ya basi, kisha tikiti, kisha kufikiri atarudije usiku. Televisheni nayo haikuwapo. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini huku Bara Serikali iliiona kuwa ni anasa kwa nchi yenye upungufu wa madawa na madawati.

Mlango ulifunguka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa, na mlango ukazidi kupanuka. Pamoja na vitambaa na sabuni zikaja televisheni na mashine za video. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Vituo vya televisheni vya Bara, kama ITV, vilianza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ilizinduliwa rasmi mwaka 2000. Basi kwa karibu miaka kumi watu walinunua televisheni ambazo hazikuwa na kituo cha Bara cha kutazama! Kilichokuwapo ni kanda za video tu. Na mtu aliyepata mashine hiyo kwa taabu, hali majirani zake hawana, hakukawia kuona kwamba mlangoni pake pana biashara.

Ndipo vikatokea vibanda. Chukua chumba cha uani, au banda la mabati na makuti, weka mabenchi ya mbao, ziba madirisha kwa magunia ili mwanga usiingie, vuta waya wa umeme kutoka kwa jirani. Watu waliviita mabanda umiza, nami nadhani aliyekaa humo saa mbili juu ya ubao, magoti ya mwenzake yakimchoma mgongoni, hahitaji kuelezwa jina hilo. Waliotazama walipenda filamu za Kihindi, za Bruce Lee na za vita za Marekani, na kwa kuwa lugha zenyewe wengi hawakuzifahamu, wakatokea wafasiri. Ustadi huu ulikuwapo Uganda kabla ya kufika kwetu. Hapa Dar es Salaam aliyepata sifa sana ni Derek Mukandala, ambaye watu walimwita Lufufu. Alizungumza Kiswahili juu ya sauti za wachezaji, akaeleza, akatania, akaongeza na yake, hata mtazamaji akaondoka akiamini kwamba jambazi wa Hong Kong ni mtu wa Tandale.

Sasa tufike kwenye gemu. Katika nchi za nje michezo hii ilianza kama mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo wa Pong, na mwaka 1978 Wajapani wakatoa Space Invaders. Watoto wa Tokyo na London walikuwa na kumbi zilizojaa makabati hayo. Vitongojini mwetu makabati yale makubwa hayakuwa jambo la kawaida. Kilichofika ni mashine ndogo za nyumbani. Mwaka 1983 Nintendo ya Japani ilitoa mashine ya kuunganisha kwenye televisheni, na baadaye viwanda vya Asia vikaiga na kuuza kwa bei nafuu. Mashine hizo za kuigwa, pamoja na kaseti zake, ziliuzwa Kariakoo. Mashine iliyotengenezwa ili mtoto mmoja acheze sebuleni kwao ikawekwa mezani mbele ya watoto ishirini, na pahali pa tundu la sarafu palikuwa na mkono wa mwenye kibanda.

Bei ilifuata sarafu iliyokuwa mkononi mwa mtoto. Sarafu ya shilingi 50, yenye picha ya kifaru, ilitolewa mwaka 1996, na ile ya shilingi 200, yenye simba, ilitolewa mwaka 1998. Fedha yenyewe mara nyingi ilikuwa ya maandazi ya shuleni, au chenji ya mafuta ya taa ambayo mama alidhani imepotea njiani. Halafu ikaja PlayStation ya Sony, iliyotoka Japani mwishoni mwa mwaka 1994, na ya pili yake mwaka 2000. Hiyo ndiyo iliyotawala vibanda, kwa sababu ya mpira. Watoto walilipa kwa mechi, wakashika vile vishikio walivyoviita pedi, na aliyeshinda alibaki kitini huku aliyefungwa akimpisha mwingine. Umeme ukikatika kabla ya filimbi, ulizuka ubishi kama fedha irudishwe au mechi ianzwe upya, nanyi mnakumbuka miaka ya mgao kama 2006 na 2011: ubishi huo haukuwa haba.

Wazee na walimu walivichukia vibanda, nao walikuwa na sababu. Watoto walitoroka shule, waliiba fedha za nyumbani, na katika baadhi ya mabanda zilionyeshwa usiku, na pengine hata mchana, picha zisizofaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ilikuwapo tangu mwaka 1976, lakini nani angekagua kila uchochoro wa Manzese? Hata hivyo lawama zile hazikusema yote. Mji haukuwajengea watoto hao kitu kingine. Viwanja vya mpira vilimezwa na nyumba mmoja baada ya mwingine, maktaba ilikuwa mbali, na kibanda ndicho kilikuwa mlangoni.

Tena nataka msikilize jambo moja ambalo watu wanaotamani siku zile hulisahau. Wengi wanaosimulia ni wanaume. Wasichana walikuwa wachache mno mle ndani. Saa ambazo kaka zao walikuwa kitini, wao walikuwa kwenye foleni ya maji, au wakiosha vyombo, au wakibeba mdogo wao mgongoni na kuchungulia kupitia tundu la bati. Tukiandika historia ya kibanda kwa maneno ya waliokuwa ndani tu, tutakuwa tumeandika nusu.

Je, vibanda vimekwenda wapi? Kwanza vifaa vilishuka bei: sahani za DVD zikachukua mahali pa kanda, televisheni za Kichina zikaingia nyumbani, na filamu zetu wenyewe zikauzwa barabarani kama karanga. Kisha ikaja simu, na leo mtoto anacheza mpira ule ule kitandani kwao, pengine peke yake. Sony nayo iliacha kutengeneza PlayStation ya pili kuanzia mwaka 2013. Fremu zilizokuwa za gemu zikapata wapangaji wengine. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na fremu nyingi zikawa za mawakala wa fedha. Nyingine zikawa saluni. Vibanda vya kando ya barabara vilikumbwa na upanuzi wa barabara, na tena mwezi wa Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo walipoondolewa. Vilivyobaki huishi kwa mechi za Simba na Yanga na za ligi ya Uingereza.

Lakini mahali pengine badala ya gemu imewekwa mashine ya kubahatisha, ile inayoitwa dubwi. Nayo hula sarafu, nayo huwaka taa na kulia. Mtoto wa mwaka 1998 alipotoa sarafu yake alijua anachonunua: dakika kadhaa za kucheza, na alicheza kweli. Anayetumbukiza sarafu katika dubwi ananunua tumaini la kurudishiwa zaidi, na mashine imetengenezwa ili mwenyewe ndiye apate. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu mwaka 2003. Hata hivyo pitia mitaa yako jioni utazame mwenyewe ni nani wanaosimama karibu na mashine hizo.

Kazi ya vikundi juma hili ni hii. Tafuteni mtaani kwenu mtu aliyekuwa na kibanda, naye mwulizeni alinunua wapi mashine yake, alitoza kiasi gani, na kwa nini alifunga. Mtafuteni pia mama mmoja ambaye alikuwa msichana mtaani hapo siku zile, mwulizeni yeye aliona nini. Andikeni majibu yao katika daftari la kikundi pamoja na mwaka. Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya mabasi ya UDA. Kwaherini.