Somo la Historia: Tambi za Nyumbani na Hadithi ya Marco Polo

Ninyi mliokusanyika katika vikundi, mwandishi wenu na aandike ubaoni miaka hii minne: 1154, 1279, 1295 na 1929. Tutaihitaji.

Leo tutazungumza juu ya tambi. Huenda wengine watacheka na kuuliza: je, chakula nacho kina historia? Kinayo. Tena historia hiyo yaweza kuharibiwa kama historia ya mfalme, mtu mmoja akasifiwa kwa kazi ya watu wengi.

Naanza kwa kukiri kosa langu. Nilipokuwa mwalimu kijana niliwafundisha wanafunzi kwamba tambi zililetwa Italia na Marco Polo, yule msafiri wa Venice, aliporudi kutoka Uchina. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo, nikaiamini, nikaifundisha. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, “Mwalimu, nani aliyeandika hivyo, na aliandika lini?” Nilikosa jibu. Ndipo nilipoanza kutafuta, na haya ndiyo niliyoyaona.

Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Lakini mwaka 1279, katika mji wa Genoa, mwandishi wa hati aliorodhesha mali ya askari aitwaye Ponzio Bastone, na miongoni mwa mali hiyo alitaja kikapu kilichojaa makaroni. Hiyo ni miaka 16 kabla Marco Polo hajarudi.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1154 mwanachuoni Mwarabu, al-Idrisi, alimaliza kitabu chake cha jiografia kwa amri ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily. Ndicho kitabu kile kinachotaja Malindi, katika pwani yetu, na biashara yake ya chuma. Al-Idrisi aliandika kwamba huko Trabia, si mbali na Palermo, palikuwa na vinu vya kusagia, na watu walitengeneza tambi kwa wingi, wakaziuza Calabria na nchi nyingine, za Waislamu na za Wakristo. Yeye aliziita kwa neno la Kiarabu, itriyya. Waislamu walikuwa wametawala Sicily kabla ya ukoo wa Mfalme Roger kuiteka.

Basi hadithi ya Marco Polo ilitoka wapi? Mwaka 1929 gazeti la wenye viwanda vya makaroni huko Marekani, The Macaroni Journal, lilichapa hadithi ya baharia wa Marco Polo aliyejifunza kazi hiyo Uchina. Ilikuwa hadithi ya kupendezesha biashara, nayo ikaenea. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini hii ilifika mpaka darasani kwangu.

Wachina nao walikuwa na tambi zao tangu kale. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba huko Lajia, Uchina, zimefukuliwa tambi za miaka 4,000 hivi. Penye unga, maji na mikono, watu wa nchi mbalimbali waweza kufikia jambo moja bila kufundishana.

Sasa tuingie jikoni. Italia ina tambi za aina mbili, na sababu yake ni ngano. Kusini, penye jua kali, hustawi ngano ngumu. Unga wake hukandwa kwa maji tu. Tambi zake hukauka vizuri, huwekwa muda mrefu, na zaweza kusafirishwa baharini. Hizo ndizo tambi za al-Idrisi. Kaskazini, katika bonde la mto Po, hustawi ngano laini. Unga wake ukikandwa kwa maji tu, tambi hulegea mno zikichemshwa. Kwa hiyo akina mama wa huko hutia mayai. Yai likipata moto huganda, na kuushika unga.

Kipimo chao ni gramu 100 za unga kwa yai moja. Unga humwagwa mezani kama kilima, hufanywa shimo katikati, na yai huvunjwa humo. Hukandwa dakika kumi hivi mpaka donge liwe nyororo, kisha hufunikwa kwa kitambaa nusu saa litulie. Usipolipumzisha, kila ukilisukuma hujirudi. Halafu husukumwa kama chapati, lakini jembamba zaidi, hukunjwa, na kukatwa kwa kisu. Huiva katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu tu.

Huko Bologna wanawake wenye ustadi huu huitwa sfogline. Kwa karne nyingi mabinti walijifunza kwa mama zao, bila kitabu. Lakini mwaka 1972 kipimo cha tambi zao ziitwazo tagliatelle kiliandikwa katika hati na kuwekwa katika Chemba ya Biashara ya mji huo: zikiiva, ziwe na upana wa milimita 8. Basi kazi ya jikoni nayo ikapata hati yake.

Mabwana na mabibi, hadithi tamu si ushahidi. Mkisikia kwamba mtu fulani ndiye aliyeanzisha jambo fulani, ulizeni kama alivyoniuliza yule mwanafunzi: nani aliyeandika, na aliandika lini? Swali hilo halihitaji cheti cha shule.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Hati ya mwaka 1279 inaikanushaje hadithi ya Marco Polo?
2. Kwa nini tambi za kaskazini ya Italia hutiwa mayai?
3. Tajeni chakula kimoja cha nyumbani kwenu. Nani aliwafundisha kukipika, na yeye alifundishwa na nani? Andikeni majina hayo yasipotee.

Kwaherini mpaka juma lijalo.