Spoti ya Milango Minne

Mwagize kijana wa Nairobi akutafutie gari la spoti, kuukuu na la bei nafuu, uone atakachokuletea. Si kigari cha viti viwili kisicho na paa. Atakuja na Subaru Impreza ya milango minne, buti lingali na maganda ya mahindi ya safari ya mwisho ya mashambani. Mimi ni fundi. Wateja hunichukua nikawakagulie magari kabla hawajatoa pesa, na sina shaka kwamba ladha hii tulilishwa na mashindano ya magari ya Safari.

Yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakazoeleka kuwa ya Pasaka, majira ya mvua za masika, na njia zake ni zile zile zilizonasa malori na mabasi. Huko kasi peke yake haikumfikisha mtu. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, gari ambalo wengi walilijua kama teksi.

Ushindi ninaoupenda zaidi ni wa 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi kama mimi, alinunua Volvo PV544 iliyokwisha kupigishwa Safari ya mwaka uliotangulia. Akaifungua, akaitengeneza, akaingia nayo yeye na nduguye Jaswant, wakashinda. Mtumba uliyaacha nyuma magari mapya ya viwandani! Tangu hapo, nani angemcheka anayenunua gari la mkono wa pili?

Zilishinda pia spoti za sura ile ya kawaida: Datsun 240Z ilitwaa Safari 1971 na 1973. Lakini 1974 na 1976 Joginder alirudi kileleni na Mitsubishi Lancer, gari la kupeleka watoto shule. Kisha ikaja Impreza, 1997 na Colin McRae, 2000 na Richard Burns, wakati mitumba ya Japani inamiminika bandari ya Mombasa. Kijana aliyesimama kando ya barabara akarushiwa vumbi aliweza kulikuta gari kama lile yadini, likiuzwa.

Mlango ule umefungwa. Kenya haipokei mtumba uliopita miaka minane, na Impreza za umbo la kwanza ziliacha kuundwa 2000. Zilizobaki zimezeekea hapa hapa, kwa mafuta yetu, matuta yetu na mafundi wetu, wengine wa kubahatisha.

Kwa hiyo nazikagua asubuhi, injini ikiwa baridi. Nikigusa boneti nikakuta joto, najua mwenyewe ameiwasha mapema ili kelele zisisikike. Silinda za Subaru zimelala pande mbili, hivyo oili inayovuja kwenye vifuniko huangukia ekzosti. Harufu ya kuungua hukupata kabla hujaona tone. Nachomoa mpira wa turbo, naushika mhimili kwa vidole viwili na kuutikisa. Ukicheza sana, turbo imekwisha. Mwisho nawasha na kuinama: mlio wa kugonga wa chinichini unaofuata mwendo wa injini ni beringi za krenki, na hapo namwambia mteja turudi nyumbani, hata kama rangi imeng'aa na bei imeshushwa.

Anayeuza hutaka kunisimulia inavyokimbia. Mimi namuuliza nani aliifungua injini mara ya mwisho, na spea alizitoa wapi. Akinitajia duka la Kirinyaga Road na kunionyesha risiti, tunaanza kuzungumza bei. Safari ilitufunza kuliheshimu gari lililofika, na gari kuukuu halifiki bila fundi anayejulikana jina.