Jazi Huria Si Muziki Holela

Mfasiri akutanapo na neno geni huweza kutenda kosa la aina mbili: kuikosea maana yake, au kulitolea hukumu jambo lenyewe kabla msomaji hajapata kulijua. Kosa la pili ni baya zaidi, kwa kuwa haligunduliki upesi. Tunakusudia kulieleza kwa mfano wa muziki ulioenea katika santuri za Marekani tangu karibu na mwaka 1960, ambao wapigaji wake waliacha kufungwa na mpango wa sauti uliowekwa kabla, wakawa wanabuni papo hapo.

Tumchukue mwalimu wa Sumbawanga anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake muziki huo. Akisema "jazi" tu, hataeleweka, maana neno hilo lina historia yake nchini. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, zote zilikuwa bendi za dansi. Kwa Mtanzania, basi, jazi ni magitaa, rumba na watu kuinuka kucheza. Na mwalimu akiongeza kwamba jazi hii ni "holela", atakuwa ameihukumu mbele ya watoto ambao hawajaisikia.

Santuri zenyewe zinaikanusha hukumu hiyo. Tarehe 21 Desemba 1960, mjini New York, Ornette Coleman aliongoza wapigaji wanane, yeye akiwa mmojawapo, waliogawanyika katika makundi mawili ya watu wanne wanne. Walirekodi kipande kimoja cha dakika zipatazo 37. Santuri hiyo, iliyotolewa mwaka 1961, ndiyo iliyoupa mtindo huo jina lake. Msikilizaji makini atatambua kwamba kila mpigaji hupewa zamu ya kuongoza huku wenzake wakimwitikia, na kwamba baina ya zamu hizo wote hukutana katika vipande vifupi vilivyopangwa. Huo ni utaratibu, ingawa si ule uliozoeleka.

Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mambo haya. "Holela" ni kutenda bila mpango wala kujali. "Huria" ni kutenda kwa hiari pasipo kuzuiwa, kama tusemavyo soko huria. Kwa hiyo twapendekeza "jazi huria". Ama tendo lenyewe la kubuni, hatuna haja ya kulikopea jina. Washairi wetu wamejibizana kwa beti papo kwa papo, na manju wa ngoma huongeza maneno kulingana na hadhara iliyo mbele yake. "Utunzi wa papo kwa papo" watosha.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba baadhi ya wanamuziki wa Marekani waliijia lugha yetu. Mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, akaipa jina hilo santuri yake ya mwaka 1971. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson, aliyekuwa pia daktari, aliitwa Mganga; mpiga besi Buster Williams, Mchezaji; na mpiga ngoma Billy Hart, Jabali. Sisi tungesema mtunzi badala ya mwandishi, na mpigaji badala ya mchezaji. Lakini tusiwacheke. Walitafuta katika Kiswahili majina ya heshima, wakati Wamarekani weusi wengi walipokuwa wakiitafuta asili yao ya Afrika. Itakuwa aibu sisi tuilipe heshima hiyo kwa neno la dharau.

Mwalimu wetu wa Sumbawanga anao mfano karibu naye. Wafipa wa zamani hawakuridhika na chuma kilichotoka katika ilungu, lile tanuri refu la udongo. Walikipitisha tena katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi akakifua. Istilahi nayo haina budi kupita motoni mara mbili: mara ya kwanza tuipime maana yake, na mara ya pili tuipime haki yake.