Tango la Siki na Hukumu ya Jicho

Rafu ya vitango vya siki katika supamaketi kubwa, iwe ya Nairobi, Dubai au Berlin, ina fumbo lake la bei. Chupa mbili zinalingana kwa ukubwa, na maelezo ya nyuma yanakaribia kufanana: matango, maji, siki, sukari, chumvi, mbegu za haradali, pengine na majani ya shibiti. Hata hivyo moja inauzwa mara mbili ya bei ya mwenzake, au hata mara tatu. Mnunuzi haruhusiwi kufungua wala kuonja. Lililobaki kwake ni kutazama: rangi, ukubwa, jinsi vitango vilivyopangwa, uangavu wa maji. Mtu anaweza kusema ndivyo ilivyo kwa kila kitu cha chupa. Kwa tango la siki, hata hivyo, jambo hili lina historia ndefu na mahususi. Kwa miaka mia mbili biashara hii imejengwa ili kuliridhisha jicho, na kinachoitwa tofauti ya ubora ni, kwa sehemu kubwa, gharama ya kuliridhisha jicho hilo. Kilichobadilika ni mtu anayeibeba gharama. Zamani ilikuwa tumbo la mlaji; siku hizi ni mgongo wa mchumaji.

Ushahidi wa kwanza uko London. Mwaka 1820 mkemia Friedrich Accum, Mjerumani aliyelowea Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu ughushi wa vyakula na sumu za jikoni, na nakala elfu moja za mwanzo ziliisha ndani ya mwezi mmoja. Achari za kijani zilipata fungu lake humo. Tango likitiwa kwenye siki ya moto hupoteza rangi, kwa sababu asidi huiondoa magnesiamu iliyomo katika klorofili, na kijani cha shambani kinageuka kuwa cha zeituni chenye kuelekea kahawia. Lakini siki ikichemshwa katika sufuria ya shaba, au matango yakilazwa humo usiku kucha, shaba hushika nafasi ya magnesiamu na rangi hurudi, tena kali kuliko ilivyokuwa shambani, wala haichuji. Accum alionyesha kwamba vitabu vya mapishi vya wakati ule vilifundisha hayo waziwazi: chemsha achari pamoja na sarafu za nusu peni, au iache saa 24 katika chombo cha shaba. Alisimulia pia kisa cha msichana aliyekuwa akila achari ya namna hiyo huku akitengenezwa nywele. Tumbo likamshika, na siku chache baadaye akafariki. Kipimo alichowapa wasomaji wake kilikuwa chepesi. Katakata achari, imiminie amonia iliyozimuliwa kwa maji, na kama mna shaba, maji yatageuka buluu.

Kitabu kilisomwa, watu wakashtuka, na achari zikaendelea kung'aa. Miaka thelathini baadaye daktari Arthur Hill Hassall, aliyekuwa bingwa wa hadubini, alianza kuchapisha katika jarida la The Lancet ripoti zake za kupima vyakula vya madukani, kuanzia 1851 hadi 1854, akitaja majina ya wauzaji bila kuwaonea haya. Shaba ilikuwa bado imo ndani ya achari, zikiwemo za nyumba zenye heshima. Mwaka 1855 kamati ya Bunge ikaita mashahidi, na Thomas Blackwell wa kampuni ya Crosse & Blackwell akakiri kwamba walikuwa wakitumia shaba na kwamba, baada ya ripoti zile, wameacha. Aliongeza jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kukiri kwenyewe: wateja walipoiona achari isiyo na shaba, mwanzoni hawakuipenda. Ilikuwa salama zaidi, imetoka kiwanda kilekile, nao wakaiona imeharibika. Ni rahisi kuiandika habari hii kama kisa cha wafanyabiashara waovu na mkemia shujaa, na waovu kweli hawakukosekana. Lakini sarafu ya nusu peni ilikuwa ikitiwa sufuriani hata nyumbani, na mama wa nyumba ambaye hakuwa na mteja wa kumdanganya. Kijani kile kilikuwa kipimo cha ubora kilichokubaliwa na wote, na sumu ilikuwa njia ya kukifikia. Sheria ya vyakula ya 1860, na ile kali zaidi ya 1875, zilikuja kupambana na njia. Kipimo zilikiacha palepale.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kioo. Henry Heinz alianza biashara mwaka 1869 karibu na Pittsburgh, Marekani, akiuza mzizi mkali wa kusaga unaoliwa na nyama, na alijipatia jina kwa kuutia kwenye chupa zisizo na rangi, wakati washindani wake walitumia kioo cha kijani kilichoficha uongo uliokuwa ndani. Achari za matango zikafuata mkondo huo. Katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893 aligawa vitango bandia vya kuvaa kama pambo, na umati ukapanda ngazi kuvifuata. Ujanja wake unafaa kuangaliwa vizuri, kwa sababu ulikuwa wa haki kabisa na bado ukageuza mambo. Kuonekana kukawa ndiyo dhamana: tazama, sina la kuficha. Kisha mwaka 1916 Clarence Saunders akafungua Memphis duka la Piggly Wiggly, ambamo wateja walijichukulia bidhaa wenyewe rafuni. Kabla ya hapo tango la chumvi liliishi ndani ya pipa, na kati ya pipa na mteja alikuwapo muuzaji anayeweza kumkatia kipande aonje. Mnunuzi wa achari ya ndimu sokoni Mombasa au Unguja anaujua uhusiano huo, ambao haujafa kwetu. Duka la kujihudumia lilimwondoa muuzaji, na kuonja kukaondoka naye.

Hapo ndipo tango la pipa lilipopata hasara ambayo halikustahili. Huko ndani lilikuwa limelala wiki kadhaa katika maji yenye chumvi ya asilimia tano hadi nane, bakteria wakila sukari yake na kutoa asidi ya laktiki. Hakuna siki iliyotiwa. Uchachu ulitoka ndani ya tango lenyewe, ukiwa na ladha pana ambayo siki peke yake haiitoi. Lakini litazame nyuma ya kioo. Maji yana ukungu, chini kuna mashapo meupe, rangi ni ya zeituni iliyopauka, na baadhi ya matango yamevimba na kuwa na mapango ndani kwa sababu ya gesi iliyonaswa wakati wa kuchachuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watafiti Etchells na Jones, huko North Carolina, waliweka sawa njia mbadala: tango bichi lifungwe chupani na siki, kisha lipashwe moto hadi kiini chake kifike nyuzi 74 za Selsiasi na kubaki hapo dakika 15. Halihitaji wiki za pipa, linabaki kijani zaidi, maji yanakaa maangavu, na chupa inadumu rafuni miezi kwa miezi. Sehemu kubwa ya kinachouzwa leo kama tango la siki imetoka katika njia hiyo au jamaa zake. Viwango vya daraja vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaweka wazi jambo lenyewe: alama hutolewa kwa rangi, usawa wa ukubwa, kasoro na ugumu wa nyama. Ladha inatakiwa iwe nzuri, basi. Haipewi alama.

Atakayeipinga hoja hii atasema kwamba mabadiliko hayo yaliletwa na usalama na bei, si na jicho. Ana sehemu ya haki. Kiwanda kinachopasha moto hakipotezi matangi mazima kwa sababu ukungu umelainisha matango, na tango la siki likawa rahisi kiasi cha kuliwa na mfanyakazi yeyote kwa mkate wake. Kuidharau nafuu hiyo ni anasa ya mtu aliyeshiba. Ila kwa usalama, pipa halikuwa na kosa: kuchachuka kukikamilika, asidi yake hulinda vilevile, na ndiyo iliyowalinda Warusi, Wapolandi na Wayahudi wa Ulaya Mashariki majira mengi ya baridi kabla ya kiwanda kuzaliwa. Kuhusu bei, hoja ya unafuu inaeleza kwa nini chupa ya chini ni rahisi. Haielezi kwa nini ya juu ni ghali, kwa sababu hiyo nayo kwa kawaida imetoka kwenye njia ileile ya siki na moto.

Inayoeleza ni saizi. Tango la mmea huu hukua haraka mno. Lililoachwa leo kwa kuwa dogo, kesho kutwa limekuwa nene na limepita daraja. Katika biashara ya jumla daraja huhesabiwa kwa idadi ya matango katika kilo moja: 160 hadi 300 ni vidogo vya bei ya juu, zaidi ya 300 ni vidogo kupita vyote, na kadiri idadi inavyoshuka ndivyo bei inavyoshuka. Mkulima hulipwa kwa daraja hilo. Kilo moja ya vitango 200 inamdai mchumaji ainame na kuchuma mara 200, shamba lilelile, karibu kila siku, bila kuruka Jumapili wala mvua. Mashine ipo, na kwa matango makubwa ya Marekani hutumika, lakini ina tabia ya kung'oa mmea wote kwa mpigo mmoja. Haiwezi kupita leo na kurudi kesho. Kwa hiyo kitango kidogo kilihamia mahali ambapo kuinama kunauzwa rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilimo chake kilianza Karnataka, kusini mwa India, kikaenea hadi Tamil Nadu na Andhra Pradesh, karibu chote kwa mikataba na viwanda vya kusafirisha nje. Mamlaka ya India ya kuendeleza mauzo ya mazao nje, APEDA, ilitaja kwa mwaka wa fedha 2020/21 mauzo ya nje ya tani 223,515 zenye thamani ya dola milioni 223, zikitoka kwa wakulima wadogo wapatao 90,000. Ufaransa, yenye fahari kubwa ya kitango chake cha kuliwa na nyama baridi, iliacha karibu kukilima. Chupa nyingi zinazouzwa huko zimebeba mazao ya India. Makadirio ya APEDA ya wakati huo yalikuwa kwamba ekari moja ilimpa mkulima rupia 80,000 kwa msimu wa siku 90, na nusu yake ilimezwa na gharama.

Je, kidogo si kitamu zaidi? Kwa kiasi, ndiyo: kina mbegu changa na nyama iliyobana. Lakini mlio ule unaosifiwa linapotafunwa tango hautokani na udogo peke yake. Unategemea kama ncha ya ua imeondolewa, maana huko hujificha vimeng'enya vinavyolainisha nyama. Unategemea pia saa ngapi zimepita tangu kuchumwa. Na kama kiwanda kimetia chumvi ya kalisi, ambayo ni ya bei ndogo. Tango la 60 kwa kilo na la 200 kwa kilo ni watoto wa mmea mmoja waliopishana siku chache. Tofauti ya bei kati yao inapimwa kwa migongo zaidi kuliko kwa ulimi.

Kuna wanaosema dawa ni jina la mahali, na wana mfano mzuri. Matango ya Spreewald, nchi ya mifereji kusini-mashariki mwa Berlin, yalipewa ulinzi wa Umoja wa Ulaya mwaka 1999, baada ya miaka ambayo Ukuta wa Berlin ulianguka, viwanda vya Ujerumani Mashariki vikayumba, na jina hilo likabandikwa hata kwenye matango ya kwingine. Filamu ya Good Bye, Lenin! ya mwaka 2003 ilicheza na jambo hilohilo: kijana anatia matango ya Uholanzi kwenye chupa kuukuu ya Spreewald ili mama yake mgonjwa asijue kwamba nchi yake imekwisha. Ulinzi huo umeokoa mashamba, nami nauona ni wa haki. Lakini unalinda mahali. Chini ya jina hilo huuzwa matango ya kuchachushwa kwa chumvi na ya siki vilevile. Na shambani, Julai na Agosti, wachumaji kutoka Poland na Romania hulala kifudifudi juu ya mabawa marefu yanayokokotwa na trekta polepole, nyuso zikielekea ardhini, mikono ikichambua majani. Tofauti yao na mchumaji wa Karnataka ni kwamba wana kima cha chini cha mshahara cha Ujerumani, na hicho kimo ndani ya bei ya chupa.

Mnunuzi anayetaka kulinganisha thamani bila kuonja ana kipimo kimoja ambacho sheria ilikilazimisha dhidi ya jicho. Tangu agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1978, chakula kigumu kilichomo ndani ya maji lazima kiandikwe uzito wake baada ya kuchujwa. Chupa ya kawaida ya mililita 720 ya Ujerumani inasomeka gramu 670, na kwa maandishi ya pili, gramu 360. Bei ikigawanywa kwa namba hiyo ya pili, baadhi ya chupa nzuri za rafu ya juu huonekana ghali zaidi ya zilivyodhaniwa. Kisha kuna orodha ya viungo: isiyotaja siki kwa kawaida ni ya kuchachushwa, hata kama imepashwa moto baadaye, na mara nyingi maji yake ndiyo yenye ukungu.