Rashidi Kawawa: aliyepewa nchi akairudisha

Kila siku maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam hupita juu ya jina lake. Konda anaita Magomeni, Kinondoni, Morocco, abiria wanabanana mlangoni, na ni nadra kumkuta anayejiuliza huyo Kawawa wa Barabara ya Kawawa alikuwa nani. Ukiwauliza vijana, anayejua kidogo atakwambia alikuwa mtu wa Nyerere. Kweli alikuwa. Ila jibu hilo linampunja mtu aliyewahi kuwa mwigizaji wa filamu, kiongozi wa wafanyakazi, waziri mkuu mara mbili, makamu wa rais, waziri wa ulinzi wakati wa vita ya Kagera na katibu mkuu wa chama tawala.

Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 Matepwende, katika iliyokuwa wilaya ya Songea, mtoto wa mwindaji wa tembo. Alisoma Dar es Salaam, kisha Tabora, shule iliyowatoa vigogo wengi wa siasa za Tanganyika. Simulizi za maisha yake husema kwamba njia ya Makerere ilikuwa wazi kwake, lakini yeye akaamua kuajiriwa ili wadogo zake wapate karo. Kwa kaka mkubwa wa enzi zile hilo halikuwa jambo la kushangaza. Mshahara wa kwanza wa mtoto wa kwanza ulikuwa na wenyewe kabla haujatoka. Nalitaja kwa sababu utumishi wake ulianzia hapo, nyumbani, miaka mingi kabla ya kupewa ofisi yenye bendera.

Aliingia serikalini akapangiwa idara ya maendeleo ya jamii, na huko ndiko alikokutana na kamera. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili za kuelimisha na kuburudisha umma. Katika mojawapo, Muhogo Mchungu, mhusika mkuu ni mshamba anayeingia mjini, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Kawawa. Watu waliomcheka kwenye pazia la sinema ya wazi, iliyoletwa kwa gari na kuonyeshwa usiku uwanjani, walikuja kumwona tena miaka michache baadaye akiwa jukwaani, na safari hii hakuna aliyecheka. Wanasiasa wengi wa wakati ule ilibidi wajitambulishe kwanza kila walikokwenda. Yeye sura yake ilikwishatangulia.

Idara hiyohiyo ilimpeleka Urambo, kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa huko wakati wa vita ya Mau Mau. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na siasa, kwa hiyo aliyekuwa na joto la siasa alilipitishia kwenye vyama vya wafanyakazi. Kawawa aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, mwaka 1955, akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Akaacha kazi ya serikali, na pamoja nayo mshahara wa uhakika. Migomo ya miaka ile, ya watumishi wa majumbani, wa mahotelini na wa viwandani, ndiyo iliyompa sifa ya ukali. TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, ilipata ndani yake kiungo kati ya chama na watu wa mishahara.

Kisha ikaja tarehe 22 Januari 1962. Uhuru ulikuwa na majuma sita tu. Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na nchi ikawekwa mikononi mwa Kawawa, akiwa na umri wa miaka 35. Magazeti ya nje yaliduwaa. Mengine yalidhani Mwalimu amepinduliwa kimyakimya. Kwa miezi karibu 11 Kawawa ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali, na hakuwa mlinzi wa kiti tu. Kuwaweka Waafrika katika nafasi za wakoloni kuliongezwa kasi, utawala wa machifu ukaandaliwa kaburi lake, sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka ikapitishwa, na sheria nyingine ikabana haki ya kugoma. Ya mwisho ndiyo inayouma. Mtu aliyepanda kwa migomo ndiye aliyeongoza serikali iliyowafungia njia wagomaji, na baadhi ya wenzake wa TFL hawakumsamehe. Binafsi naona hapa ndipo pa kumpimia Kawawa. Aliamini kwamba serikali ikishakuwa ya wenyewe, kuigomea ni kujigomea, na akatenda kama alivyoamini. Unaweza kumpinga, lakini huwezi kusema alitumwa tu.

Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri, Nyerere akarudi akiwa rais, na Kawawa akakikabidhi kiti bila kelele. Afrika ya miaka ile ilikuwa na watu wachache walioonja ukuu wa serikali kisha wakarudi nafasi ya pili kwa hiari. Akawa makamu wa rais. Askari walipoasi Januari 1964, yeye na Mwalimu walitolewa Ikulu pamoja na kuvushwa kwenda Kigamboni. Baada ya Muungano na Zanzibar, Karume, rais wa visiwa hivyo, alikuwa makamu wa kwanza na Kawawa wa pili.

Mwaka 1972 akawa waziri mkuu tena, na kipindi hiki ndicho wazee wengi vijijini wanachokikumbuka, si wote kwa furaha. Serikali za mitaa zilivunjwa, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa, na operesheni ya kufunga maduka ya watu binafsi ikaanza kabla Mwalimu hajaisimamisha. Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na ushirika kulikuwa makosa. Kawawa ndiye aliyekuwa msimamizi wa utekelezaji, kwa hiyo lawama zilimkuta yeye kwanza mlangoni. Februari 1977 Edward Sokoine alichukua nafasi hiyo, Kawawa akahamia wizara ya ulinzi, na mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Jina la Simba wa Vita, alilokuwa nalo tangu enzi za harakati, likapata vita ya kweli.

Na nyumbani je? Kwa Kawawa kuitenganisha nyumba na kazi ni shida, kwa kuwa mkewe, Mama Sofia Kawawa, alikuwa mwanasiasa kwa haki yake mwenyewe, kiongozi wa miaka mingi wa Umoja wa Wanawake, UWT. Mwaka 1988 alitoa kauli ya kupinga ndoa za wake wengi. Mwezi Mei Unguja ikachafuka, waumini wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, na watu wawili wakafa. Wakati huo mumewe ndiye katibu mkuu wa CCM, yaani mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzima mioto ya aina hiyo. Mke Mwislamu wa kiongozi Mwislamu, anasema hadharani jambo ambalo viongozi wengi wanaume walilikwepa. Ukitaka kujua nyumba ile ilikuwa ya namna gani, tazama hilo kwanza: mama wa nyumba hakunyamaza ili kazi ya baba isalimike. Mama Sofia alifariki mwaka 1994. Watoto nao waliingia katika njia ileile; Vita Kawawa aliwahi kuwa mbunge wa Namtumbo, na dada yake Zainabu aliingia Bungeni kupitia viti maalumu.

Mzee Kawawa alifariki katika hospitali ya Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009 na kuzikwa Madale, nje kidogo ya jiji. Salamu za rambirambi zilirudia sifa moja: utiifu. Nadhani sifa hiyo imemfunika. Anayeitwa mtiifu hahojiwi juu ya alichoamua, na Kawawa aliamua mengi, mazuri na mabaya, na mengine bado tunaishi nayo. Halmashauri alizosimamia kuvunjwa kwazo zilirudishwa katika miaka ya 1980, na zinaendelea kuitwa jina lilelile.

Kitabu cha maisha yake cha John Magotti kilitoka mwaka 2007, mzee akiwa bado hai, na mpaka leo ndicho cha kuanzia kwa anayetaka kumjua. Lakini kitabu kimoja kwa maisha kama haya hakitoshi. Makarani, madereva, makatibu muhtasi na mabwana maendeleo waliofanya kazi chini yake sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Aliye na mzazi au babu wa namna hiyo amkalishe, amuulize, na arekodi anayosema, pamoja na yale yasiyompendeza.