Shule Nyuma ya Duka

Katika parokia zetu bado wako wazee wanaoleta barua kwa katekista na kumwambia: "Mwanangu, nisomee, leo macho yangu yananisumbua." Macho yake hayana kitu. Anaona mbuzi wake wakila ng'ambo ya bonde. Ni haya tu inayomshika, kwa sababu hakujifunza kusoma. Barua ya mtoto wake mwenyewe inapita kwanza katika mdomo wa mtu mwingine, na ugonjwa, deni, ugomvi wa wakwe, yote yanajulikana kwa jirani kabla hayajafika kwake. Sisi tunaosoma gazeti hili kwa macho yetu tumekwisha kuzoea. Ni lini ulisema asante kwa kuwa unajua kusoma?

Leo nataka kuwapa habari ya watu wengine waliokosa kusoma. Hawakukosa kwa uvivu, wala kwa kuwa shule ilikuwa mbali. Walikatazwa kwa sheria. Tena wengi wa mababu zao walitoka pande hizi zetu.

Ufalme wa Kongo ulijua maandiko tangu zamani. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa katika mji wake wa Mbanza Kongo, ulio leo katika nchi ya Angola. Mwana wake Afonso, aliyetawala baada yake, alitaka vijana wa wakubwa wasome, na yeye mwenyewe alipeleka barua nyingi kwa mfalme wa Ureno. Katika barua za mwaka 1526 alilia kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata watu wa jamaa yake, na kuwauza. Barua zingali ziko, lakini biashara haikukoma. Miaka mia mbili baadaye merikebu za Waingereza zilikuwa zikichukua watu wa Kongo na Angola na kuwashusha Charleston, katika South Carolina. Siku zile nchi hiyo ilikuwa koloni la Uingereza. Sasa ni jimbo moja la Marekani. Huko walilimishwa mpunga.

Jumapili ya tarehe 9 Septemba 1739, watumwa kama ishirini walikusanyika karibu na mto Stono, si mbali na Charleston. Mkubwa wao aliitwa Jemmy. Walivunja duka wakatwaa bunduki, wakashika njia ya kwenda Florida, iliyokuwa nchi ya Wahispania, ambako mtumwa aliyekimbia aliweza kupewa uhuru. Walipiga ngoma na kuinua bendera, na wengine waliwafuata njiani. Taarifa ya siku zile inasema ya kuwa walioanza vita walikuwa Waangola, na kwamba wengi wa taifa hilo walijua Kireno na kushika dini ya Kikatoliki. Mwanahistoria John Thornton ameeleza kwamba watu wa namna hiyo walikuwa watu wa ufalme wa Kongo, waliobatizwa kwao kabla ya kuuzwa. Jioni walishindwa. Wazungu zaidi ya ishirini walikufa, na watu weusi wengi kupita hao.

Mwaka uliofuata, 1740, wenye koloni walitunga sheria ngumu juu ya watumwa. Ndani yake mna neno hili: mtu akimfundisha mtumwa kuandika, atatozwa pauni 100. Ndiyo, kuandika! Mtumwa hakuweza kutembea mbali bila kibali cha bwana wake, na anayejua kuandika aweza kujiandikia kibali mwenyewe. Mwaka 1834 waliongeza na kusoma. Mzungu aliyefundisha aliweza kufungwa miezi sita. Mtu mweusi mwenye uhuru aliyefundisha aliweza kupigwa viboko hamsini. Mimi naona sheria hizi zinasifu kalamu kuliko hotuba zetu zote. Mtu hatozi pauni 100 kwa ajili ya kitu kisicho na nguvu.

Utumwa ulikwisha mwaka 1865. Lakini ona werevu wa wakubwa. Mwaka 1895 waliandika katiba mpya ya South Carolina, wakasema: anayetaka kupiga kura asome na kuandika sehemu ya katiba mbele ya karani, au awe na mali ya dola 300. Wale waliokataza watu kusoma miaka mia sasa waliwaambia: "Hamjui kusoma, basi hamwezi kuchagua." Na shule za watoto weusi zilipewa makombo. Mwaka 1916 msichana wa Charleston, Septima Poinsette, mwana wa mtu aliyezaliwa mtumwa, alikwenda kufundisha katika kisiwa cha Johns Island akiwa na miaka 18. Walikuwa walimu wawili kwa watoto 132. Usiku watu wazima walikuja kumwomba awafundishe na wao, naye aliwaandikia masomo juu ya mifuko ya karatasi, kwa kuwa vitabu havikuwapo.

Miaka mingi ikapita. Katika kisiwa kile aliishi Esau Jenkins, mtu mwenye basi. Kila asubuhi alipeleka watu Charleston kwenye kazi zao. Kati ya abiria wake alikuwamo mama mmoja, Alice Wine. Alimwambia Jenkins ya kuwa anatamani sana kupiga kura, ila hajui kusoma. Jenkins alikuwa amechapa sehemu za sheria ya uchaguzi na kuwagawia watu ndani ya basi, akiwaeleza njiani. Mama Wine akashika maneno yote kwa masikio, kama sisi tulivyoshika katekismu tukiwa wadogo, akaenda mbele ya karani, akapata cheti chake. Wengine wangefurahi na kukaa. Yeye hakuridhika, kwa sababu alijua ya kuwa hakusoma kitu. Akamwuliza Jenkins: shule ya watu wazima itakuja lini?

Jenkins alikuwa amekwisha kwenda Highlander, shule ya watu wazima katika milima ya Tennessee, iliyoongozwa na Mzungu jina lake Myles Horton. Aliyempeleka huko ni Septima, ambaye sasa aliitwa Septima Clark. Mwaka 1956 mama huyu alifukuzwa katika kazi ya ualimu, baada ya miaka arobaini, kwa sababu alikataa kuacha chama cha kutetea haki za watu weusi. Akapoteza na pensheni yake. Highlander ikamwajiri, tena ikakopesha fedha, na watu wa Johns Island wakanunua nyumba kuukuu. Mbele waliweka duka la vyakula. Nyuma wakatenga chumba kisicho na madirisha, kusudi Wazungu wasichungulie. Aliyepita njiani aliona watu wanaingia kununua sukari tu.

Na mwalimu? Septima hakutaka mwalimu mwenye diploma, kwa maana aliogopa atawadharau wazee. Akamchagua binamu yake, Bernice Robinson, mshonaji wa nguo na mtengenezaji wa nywele. Huyu alikataa kwanza, akisema hajafundisha hata siku moja. Lakini usiku wa tarehe 7 Januari 1957 alisimama mbele ya wanafunzi 14, wanaume kwa wanawake, akawaambia ya kuwa hakuja kama mwalimu, watafundishana. Alikuwa ameleta vitabu vya watoto wa darasa la kwanza. Mara akaona ya kuwa ni aibu kumpa mama mwenye wajukuu kitabu cha mpira na paka, akaviweka pembeni. Akawauliza: mnataka kujifunza nini?

Sikilizeni walivyojibu. Hawakuomba mambo makubwa. Walitaka kuandika majina yao, wasitie tena alama ya msalaba mbele ya karani. Walitaka kusoma Biblia, na barua za watoto wao waliokwenda miji ya mbali. Walitaka kujaza wenyewe karatasi ya kutuma fedha kwa posta. Basi hayo ndiyo yakawa masomo. Alikata karatasi ngumu, akachonga juu yake jina la kila mtu, na wao wakapitisha kalamu katika mifuo yake, mara nyingi, mpaka mkono ukazoea. Mikono iliyozoea jembe inabana sana, na kalamu nyingi zilivunjika. Mwalimu hakucheka. Alitoa nyingine.

Ukutani alibandika Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, akawaambia ya kuwa mwisho wa masomo wataweza kulisoma. Walikutana usiku mbili kila juma, saa mbili kila usiku, wakati wa baridi ambapo kazi za shamba ni chache. Siku moja aliandika majina mengi ubaoni. Mama mmoja wa miaka 65 akasimama, akashika kijiti, akaelekeza: hili ni jina langu la kwanza, na hili ni la pili. Bernice alieleza baadaye ya kuwa nywele zilimsimama. Mama yule alikuwa ameitwa jina lile tangu kuzaliwa, na hajapata kuliona.

Masomo yalipokwisha, wengi wa darasa lile walikwenda kwa karani na kurudi na vyeti vyao. Nadhani shukrani yao iliyo kubwa ilikuwa hii: walileta jirani zao. Baridi iliyofuata, visiwa vya karibu, Wadmalaw na Edisto, vilitaka shule yao. Mwaka 1961 kazi ilipita mikononi mwa chama cha Martin Luther King, kwa kuwa serikali ya Tennessee iliifunga Highlander na kuichukua mali yake. Wakulima, wasusi na madobi walifundishwa kuwa walimu, wakarudi kwao. Kufika 1970 shule karibu 900 zilikuwa zimefunguliwa katika majimbo ya kusini. Sheria ya tarehe 6 Agosti 1965 ilikuwa imekwisha kuondoa mtihani wa kusoma kwa wapiga kura wa majimbo yale. Lakini watu hawakuacha kwenda shuleni, kwa sababu barua za watoto zilikuwa zikifika bado.

Septima Clark alirudishiwa pensheni yake mwaka 1976. Katika miaka ile ile watu wa Charleston walimchagua kuingia katika baraza la shule. Alikufa tarehe 15 Desemba 1987, kwenye kisiwa cha Johns Island.