Mchele Mmoja, Mapishi Mbalimbali: Gambiti ya Malkia Mwaka 1927

Wahenga walisema mchele ni mmoja lakini mapishi ni mbalimbali. Msemo huu ulithibitika mjini Buenos Aires, Argentina, mwaka 1927. José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia wa sataranji tangu 1921, alipambana na Alexander Alekhine, Mrusi aliyekuwa akiishi Ufaransa. Taji lingekwenda kwa atakayetangulia kushinda michezo 6, sare hazikuhesabiwa. Walicheza michezo 34, na 32 kati yake ilianza kwa njia moja: Gambiti ya Malkia iliyokataliwa.

Je, njia hiyo ikoje? Mweupe husogeza kitunda kilicho mbele ya malkia wake hatua mbili, na Mweusi hufanya vivyo hivyo. Kisha Mweupe hutoa kitunda cha jirani kama chambo. Mweusi akikila, kitunda chake kinaondoka katikati ya ubao, na Mweupe kwa kawaida hulipiza baadaye. Kwa hiyo Mweusi hukataa. Husogeza kitunda cha mbele ya mfalme hatua moja ili kukitegemeza kile cha katikati. Ukuta huo ni imara, ila una gharama: askofu wa upande wa malkia hufungiwa nyuma ya vitunda vyake mwenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Mweusi hutafuta nafasi ya kupumua, Mweupe humnyima. Capablanca alikuwa na dawa iliyosifika: kubadilishana kete, kwani chumba kidogo hakiwabani watu wachache, halafu kusukuma kitunda ili askofu apate njia. Dawa hiyo wote wawili waliijua, hivyo haishangazi kwamba michezo 25 iliisha kwa sare.

Hata hivyo, Alekhine, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kumshinda Capablanca hata mara moja, hakuchoka kutafuta faida ndogondogo. Katika mchezo wa 34 alipata kitunda kimoja cha ziada, akaendelea kusukuma hadi hatua ya 82. Ukawa ushindi wake wa 6 dhidi ya 3.

Wapo wanaosema mwanzo huu unachosha. Mimi naona ulikuwa mzani wa haki: wote walipewa mchele uleule, akashinda aliyevumilia jikoni. Capablanca alifariki mwaka 1942 bila mechi ya marudiano kufanyika.